Tela la kwenda Serengeti na Natron: chuma au alumini?

"Shikamoo mhandisi. Niko Moshi, nina Hilux ya dizeli na biashara ndogo ya safari za kambi. Nataka kutengenezewa tela la ekseli moja, futi 8 kwa 5, la kubebea mahema, magodoro, majiko, maji na vyakula, mzigo wa kama kilo 600. Njia zangu ni Serengeti, Tarangire na Ziwa Natron kupitia Engaruka. Wageni wakipungua nitabebea parachichi kutoka Siha. Fundi wangu wa Unga Limited, Arusha, amezoea chuma na anasema nisijisumbue na kingine. Rafiki yangu aliyekaa Afrika Kusini anasisitiza alumini: haili kutu, uzito wake ni theluthi ya chuma, na nitaokoa mafuta. Fedha niliyo nayo inatosha kutengeneza mara moja tu. Nimsikilize nani?"

Marahaba, na umefanya vyema kuuliza kabla chuma hakijakatwa. Hofu yako naielewa: ukikosea, tela litakupasukia porini ukiwa na wageni, au litaoza polepole kabla hujarudisha fedha yako. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa njia ulizotaja na gari ulilo nalo, mwambie fundi atengeneze chesisi na mkono wa kuvutia kwa chuma, kisha sakafu na kuta ziwe za karatasi za alumini. Fundi wako yuko sahihi kuhusu mifupa ya tela, rafiki yako yuko sahihi kuhusu ngozi yake, na kazi ngumu iko pale viwili hivyo vinapokutana. Huko tutafika.

Tuanze na hiyo theluthi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 hivi, ya alumini kilo 2,700. Hapo rafiki yako hakukosea. Anakosea akidhani tela zima litapungua kwa kiasi hicho. Ekseli, springi, rimu, matairi, beringi na kichwa cha kuunganishia ni vilevile, utengeneze kwa metali yoyote ile, na kwa tela la ukubwa wako vitu hivyo peke yake vinafika kilo 120 au zaidi. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: kwa umbo lilelile na mzigo uleule, alumini hupinda karibu mara tatu ya chuma. Hiyo ni tabia ya metali yenyewe, haibadiliki hata ukinunua alumini ya bei kali. Ukichukua bomba la mstatili la milimita 80 kwa 40, ukataka la alumini liwe kakamavu kama la chuma bila kuongeza kimo, itabidi utie alumini mara tatu, na uzito unarudi palepale ulipokuwa. Njia ya kukwepa hilo ni kuongeza kimo. Bomba la alumini la milimita 120 kwa 50, unene milimita 3, linalingana kwa ukakamavu na lile la chuma la 80 kwa 40 la unene huohuo, na lina nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kwenye chesisi tegemea nusu. Theluthi usahau.

Nimepiga hesabu ya tela lako. Chesisi pamoja na mkono vinataka kama mita 15 za bomba. Kwa chuma hizo ni kilo 80. Kwa alumini yenye kimo kikubwa, kilo 40 hadi 50. Sasa tazama karatasi. Sakafu, pamoja na kuta za kimo cha sentimita 60 kuzunguka pande zote, ni mita za mraba 8 na nusu hivi. Karatasi ya chuma ya milimita 2 itakupa kilo 130, ya alumini ya milimita 3 itakupa kilo 70. Unene huo wa 3 una sababu: karatasi bapa ya alumini ikiongezewa karibu nusu ya unene inakuwa kakamavu sawa na ya chuma, na bado uzito wake ni nusu. Kwenye karatasi unaokoa kilo 60, kwenye chesisi 30 au 40. Na karatasi ndiyo sehemu ambayo barabara haiitesi sana, kwa hiyo faida kubwa zaidi ya alumini unaipata mahali penye hatari ndogo zaidi.

Kilo 60 ni madumu matatu ya maji ya lita 20. Kwa anayepiga kambi Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, hilo ni jambo la maana kabisa. Kuhusu mafuta, nisikupe matumaini makubwa. Hilux yako, abiria na tela lililojaa vinazidi tani 3, kwa hiyo kilo 60 ni kama asilimia 2 ya mzigo ambao injini inauvuta. Utaihisi kidogo ukipanda ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu. Kwenye lami tambarare, turubai linalopepea na magodoro yaliyorundikwa juu kuliko paa la gari vitakula mafuta kuliko tofauti ya metali.

Sasa tuje kwenye kinachoua matela ya huku kwetu. Ukiacha lami kuelekea Seronera, katikati ya Serengeti, au ukikata kulia Mto wa Mbu kwenda Engaruka, unaingia kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Chukulia mawimbi yanapishana kwa sentimita 75 nawe unakwenda kilomita 40 kwa saa. Kila gurudumu linapigwa kama mara 15 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 50,000 kwa saa moja. Hakuna pigo hata moja kati ya hayo linaloweza kuvunja tela. Linalovunja ni kurudiarudia. Metali ikikunjwa kidogo na kuachiwa, ikakunjwa na kuachiwa, hatimaye huchoka, na ufa mdogo usioonekana kwa jicho huanza, mara nyingi ukingoni mwa mshono wa kuchomelea. Ufa huo unakua safari baada ya safari, kisha siku moja mkono wa tela unabaki na gari na tela linabaki barabarani.

Hapa ndipo metali hizi mbili zinapoachana. Chuma cha kawaida kina kiwango fulani cha mkazo ambacho ukikaa chini yake, na kutu haijakila, unaweza kukikunja mara mamilioni bila kupasuka. Alumini haina kiwango hicho cha usalama. Kila mkunjo, hata mdogo, unapunguza umri wake, na tofauti ni ya haraka au polepole tu. Ndege zinatengenezwa kwa alumini kwa sababu kuna wahandisi wanaohesabu safari zake na kuzikagua nyufa kwa vipimo maalumu. Tela lako halitakuwa na mtu wa kulihesabia mawimbi ya Engaruka.

Kuchomelea kunaongeza tatizo. Alumini ya chesisi hupata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea, eneo la kando ya mshono linapashwa upya bila utaratibu huo na kupoteza karibu nusu ya nguvu zake, hata kama fundi ni hodari. Maana yake ni kwamba pale ulipounganisha, ambapo ndipo mkazo ulipo mkubwa, umebaki na metali dhaifu kuliko uliyoinunua. Tena alumini hufunikwa na utando mwembamba unaoyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 2,000, ilhali metali iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Utando usiposafishwa vizuri, na kazi isipofanywa kwa mashine inayofaa na gesi ya agoni, mshono unaonekana mzuri kwa nje na ndani una matundu. Wapo mafundi Arusha wanaoiweza kazi hiyo, lakini ni wachache, na fundi wako amekwambia mwenyewe amezoea chuma. Usimlazimishe ajifunzie kwenye mkono wa tela litakalofuata nyuma ya wageni wako.

Nikutahadharishe na jambo jingine. Alumini inayopatikana kwa urahisi madukani kwetu ni ile ya madirisha na milango. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini ni laini na nyembamba. Nimeona watu wakiipiga mabano wakaiita chesisi. Ukiamua vinginevyo katika mengine yote niliyoandika, hili moja naomba unisikilize.

Na ikipasuka? Chuma kikipasuka, Karatu au Mto wa Mbu utapata mtu mwenye mashine na vijiti vya kuchomelea, na hata mahali pasipo umeme mwenye jenereta atakushikizia mpaka ufike nyumbani. Alumini ikipasuka utafunga kamba na kurudi Arusha. Kwa mtu mwenye wageni waliokwisha kulipa, hii peke yake ingetosha kunifanya nichague chesisi ya chuma.

Tuje kwenye kutu, maana hapo ndipo rafiki yako anaona ameshinda. Ni kweli alumini haitoi kutu nyekundu. Ule utando niliokutajia ndio mlinzi wake. Ukikwaruzwa unajijenga upya papo hapo, ndiyo maana kuta za alumini zinaweza kukaa miaka mingi bila rangi. Lakini mlinzi huyo ana adui, na adui huyo mnamfahamu jikoni. Anayepikia magadi kwenye sufuria ya alumini ameona jinsi sufuria inavyobadilika rangi na kuwa nyeusi. Magadi yanayeyusha ule utando na kuanza kuila metali yenyewe. Sasa fikiria unakokwenda. Ziwa Natron limejaa magadi, na Ol Doinyo Lengai iliyo jirani yake ndiyo volkano pekee hai inayojulikana kutoa lava yenye sodiamu ya namna hiyo. Vumbi la huko likijishindilia kwenye pembe za tela, mvua ikanyesha au umande ukashuka, umeibandikia alumini yako dawa ya kuila. Saruji mbichi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo tela la alumini usilikodishe kwa mafundi ujenzi.

Chuma, kinyume na watu wanavyodhani, hustahimili magadi vizuri kuliko alumini. Nondo ndani ya zege hukaa miaka mingi kwa sababu saruji ina tabia hiyohiyo ya magadi. Ila Natron kuna chumvi pia, na chumvi haimsamehi yeyote. Hata madini ya zinki yanayopakwa kwenye chuma huliwa na magadi makali, kwa hiyo chesisi iliyochovywa zinki nayo ipigwe rangi juu yake. Dawa ya yote ni rahisi: ukirudi kutoka Natron, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, lioshe tela kwa maji mengi, hasa chini, kwenye pembe na kwenye maungio. Usitumie sabuni zenye magadi soda.

Sasa maungio, pale niliposema kazi ni ngumu. Alumini ikigusana na chuma, katikati pakawa na maji yenye chumvi au tope, umeme mdogo unapita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Arusha tuna ushahidi unaotembea barabarani. Land Rover za zamani, kuanzia zile za mwaka 1948, zilitengenezwa kwa bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, yaani mpangilio huuhuu ninaokushauri. Nenda kaangalie moja ya hizo kwenye gereji. Katikati ya ubavu karatasi bado ni nzima; pale inapokaa juu ya chuma utakuta unga mweupe na matundu. Mpangilio ulikuwa mzuri, kilichokosekana ni kizuizi kati ya metali hizo mbili.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi. Chesisi ichomelewe yote, isafishwe, ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya juu, ikauke kabisa, ndipo karatasi iletwe. Juu ya kila chuma kitakachoguswa na alumini alaze mkanda wa mpira. Karatasi zifungwe kwa boliti zilizopakwa zinki kwa kuchovywa, au za chuma kisichoshika kutu, zenye washa za nailoni na gundi ya kuzibia maji kwenye tundu. Mafundi wengi hupenda ribiti za alumini kwa sababu ni za haraka. Kushikisha karatasi kwa karatasi ni sawa. Kushikisha karatasi kwenye chesisi ya chuma sikushauri: pale metali ndogo inayoliwa inapogusa kubwa isiyoliwa, ulaji wote unaelekezwa kwenye hicho kidogo, na vichwa vya ribiti vitakuachia mmoja baada ya mwingine. Boliti ndogo ya chuma ndani ya karatasi kubwa ya alumini haina madhara makubwa hivyo, maana ulaji unasambaa. Kuhusu karatasi yenyewe, uliza ya kundi la 5000, kama 5052. Ina magnesi ndani yake, inakunjika bila kupasuka na kutu haiisumbui kirahisi.

Chuma nacho kina udhaifu wake na sitakuficha. Bomba la chuma huoza kutoka ndani. Maji yanaingia kwenye tundu la boliti au mwisho wa bomba ulioachwa wazi, yanakaa humo, na siku unayoona kutu kwa nje ukuta umekwisha kuwa mwembamba kama karatasi. Ama ncha zote zizibwe kwa kuchomelewa na pasitobolewe tena, ama ziachwe wazi upande wa chini ili maji yatoke na umwagie mafuta ya kuzuia kutu ndani kila mwaka kabla ya masika. Kama unatoboa matundu ya kufungia karatasi, na utatoboa, chagua njia ya pili. Wengine hupendelea chaneli, yaani chuma chenye umbo la U, badala ya bomba kwa sababu kila upande unaonekana na kupakwa rangi. Ni hoja nzuri, ila chaneli hujipinda kirahisi tela linapopanda jiwe kwa gurudumu moja, kwa hiyo kwenye mbavu mbili kuu, yaani vyuma virefu vya pande mbili za chesisi, na kwenye mkono bado nachagua bomba. Bahati yetu ni kwamba hatuko Tanga. Hakuna hewa ya chumvi ya bahari hapa, na chesisi ya chuma iliyopakwa rangi vizuri ikatunzwa itakutumikia miaka mingi.

Fundi akitaka kutumia chuma cha milimita 6 "ili kiwe imara," mkatalie kwa upole. Nimeona matela mazito yakipasuka kabla ya mepesi, kwa sababu uzito huo nao unapigwa na mawimbi, na maungio ndiyo yanayolipa. Uimara uko kwenye mpangilio. Mkono wa kuvutia usiishie mbele ya chesisi ukachomelewa kichwa kwa kichwa. Upite chini yake na ushikwe kwenye vyuma viwili vya kukingama, ili nguvu isambae. Mishono isikate kukingama juu na chini ya ubavu mkuu pale unapopinda zaidi. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, na mzigo upangwe ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote iangukie kwenye gari. Mkono ukiwa mwepesi sana, tela litaanza kukuyumbisha kwenye mteremko.

Kuna mtu ambaye ningemwambia anunue alumini tupu: anayekwenda Arusha, Moshi na Dar es Salaam kwa lami, mzigo mwepesi unaojaza nafasi, na tela limetoka kiwandani likiwa na maelezo ya uzito linaoruhusiwa kubeba. Huyo mawimbi hayamhusu na kutu ya pwani inamhusu. Ungekuwa unabeba parachichi tu mpaka bandarini, jibu langu lingekuwa tofauti.

Kuna mambo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi. Hilux yako ikaguliwe na mtu aliye chini ya gari: chuma cha kuvutia kimefungwa wapi, chesisi ya gari haina nyufa, na kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta kilo ngapi bila breki za tela. Tela lako likijaa litakaribia kilo 900. Nchi za Ulaya hudai tela liwe na breki zake likizidi kilo 750, nami nakushauri ufuate kipimo hicho hata kama hakuna atakayekuuliza, ukizingatia mteremko wa kutoka ukingo wa Ngorongoro. Mchoro wa fundi mpelekee mhandisi wa mitambo aupitie kabla ya kukata; anza kwa kuulizia Chuo cha Ufundi Arusha au SIDO, shirika la viwanda vidogo. Ulizia pia TRA utaratibu wa kusajili tela lililotengenezwa hapahapa, maana litahitaji namba yake lenyewe, na bima yako ijue kwamba unavuta tela.

Likitoka kwa fundi, lipakie mzigo kamili na ulipime kwenye mizani kabla ya safari ya kwanza ya wageni. Kaza boliti zote za springi na za karatasi baada ya kilomita 100 za kwanza za vumbi. Baada ya hapo, kila urudipo, futa maungio ya mkono kwa kitambaa na uyaangalie kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wa mshono, huo ni ufa. Usiupake rangi, na usiondoke nalo mpaka fundi auchimbe, auchomelee upya na aongeze kipande cha kusambaza nguvu.